Nguo Iliyozunguka Kisiwa

Jioni moja Pumwani, Nairobi, kwenye benchi la muuza kahawa, kijana wa chuo kikuu alimwambia mzee aliyeketi kando yake: "Mzee wangu, huo Ushirazi wenu, kwamba babu zenu walitoka Shiraz ya Uajemi, ni hadithi ya wakoloni." Mzee alimaliza kikombe kwanza. "Basi babu yangu alikuwa mkoloni," akasema, "maana yeye ndiye aliyenihadithia." Watu wakaangua kicheko, na maneno yakahamia kwenye kitambulisho cha mjukuu wake, jambo nitakalolirudia.

Kijana ana hoja, tena nzito. Lakini mzee ndiye asiyesikilizwa, na waliomzibia masikio ni pamoja na mabingwa wa historia.

Mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kufukua magofu ya Gedi, karibu na Malindi, mwaka 1948, hakusumbuka kuuliza mji ni wa nani: kitabu alichokitoa mwaka 1954 kiliuita mji wa Kiarabu tangu kwenye jalada. Ndiyo ilikuwa desturi. Ukuta wa matumbawe ukionekana pwani, mjenzi wake alitafutwa ng'ambo ya bahari. Baada ya uhuru watu walichimba chini zaidi. Huko Shanga, kisiwani Pate, mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake walikuta kwamba chini ya msikiti wa mawe kulikuwa na misikiti mingine ya zamani zaidi, na wa chini kabisa ulikuwa kijumba cha miti cha karne ya 8. Wanaakiolojia wa Afrika Mashariki, kina George Abungu, Felix Chami na Chapurukha Kusimba, wakaonyesha jinsi miji ile ilivyofungamana na bara, hata katika vigae vya vyungu. Wanaisimu nao walishasema yao: Kiswahili ni Kibantu, ndugu wa karibu wa Kipokomo, Kimijikenda na Kikomoro. Mbele ya ushahidi huo, Mshirazi alionekana mtu wa kujipamba, aliyejitafutia babu wa Uajemi ili asihesabiwe pamoja na "wenyeji" ambao sheria za mkoloni ziliwabana. Na kusema kweli, wapo waliofanya hivyo.

Kisha Machi 2023 yakatoka matokeo ya DNA. Watafiti, Kusimba akiwa mmoja wao, walipima mabaki ya watu 80 wa kati ya mwaka 1250 na 1800, kutoka Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na kwingineko. Wengi wa watu wa miji ya pwani walikuwa na zaidi ya nusu ya asili yao Afrika, hasa kupitia kwa wanawake. Asili ya Asia nayo ilikuwa kubwa, na asilimia 80 hadi 90 yake ilitoka kwa wanaume wa Uajemi. Michanganyiko ilianza kama mwaka 1000.

Hiyo asilimia 80 hadi 90 imenikosesha usingizi kidogo. Nimeisikia ikitajwa kana kwamba ni ya mtu mzima, Mswahili wa kale akawa Mwajemi kwa sehemu tisa kati ya kumi, ilhali ni sehemu ya ile asili ya Asia tu. Hata ukiisoma sawasawa, haikwambii nani alijenga. Kutoka msikiti wa miti wa Shanga hadi mwaka 1000 ni zaidi ya miaka 200. Mji ulikuwepo na watu walisali humo kabla damu hizi hazijachanganyika kwa kiasi cha kuonekana. Tena mifupa mingi ilitoka makaburi ya karibu na misikiti, mahali pa watu wa hadhi. Mvuvi wa nyumba ya udongo alizikwa kwingine, na bado hajapimwa. Na watoto wa hao baba Waajemi walizungumza lugha ya nani? Ya mama zao. Kiajemi kilichobaki ni maneno tu ndani ya Kibantu.

Sasa turudi kwa babu wa mzee. Tarikh ya Kilwa, yaani habari za kale za mji huo na wafalme wake, ambayo Mreno João de Barros aliisimulia kwa ufupi mwaka 1552, na ambayo nakala yake ya Kiarabu iko London, ilisomwa na wakoloni kama hati ya ushindi. Waliowapinga wakaitupa kwa sababu hiyohiyo. Ajabu ni kwamba pande zote mbili ziliruka kurasa. Toleo la Kiarabu linasema wageni kutoka Shiraz waliposhuka Kilwa walimkuta Mwislamu na watoto wake, aitwaye Muriri wa Bari, na msikiti mmoja. Kisiwa kilikuwa na mfalme wake, aliyekuwa ameenda kuwinda. Aliporudi alikubali kukiuza, kwa bei ya nguo za kutosha kukizunguka chote. Akachukua nguo zake akavuka bara, huku moyoni akipanga kurudi na jeshi, kwani maji yakipwa watu huvuka kwa miguu. Wageni wakapata habari, wakachimba mkondo ili asiweze kupita.

Anayetunga uongo wa kujitukuza haandiki hivyo. Anasema nchi ilikuwa tupu, au ameiteka kwa upanga. Huyu anakiri kwamba nchi ilikuwa na mwenyewe, kwamba msikiti ulimtangulia, kwamba alilipa, na kwamba aliogopa. Mtu aliyefika Shanga na koleo miaka mingi baadaye hakukuta kinyume chake. Ambapo tarikh hainiridhishi ni kwenye wake. Wafalme wanapangwa kwa nasaba ya kiume, na wale akina mama ambao DNA inawaonyesha karibu kila kaburi hawapewi nafasi.

Hofu ya kijana naielewa vizuri zaidi nikitoka makaburini nikafika kwenye dirisha la ofisi ya vitambulisho. Hapa kwetu Kenya, kwa miaka mingi Mwislamu wa pwani, Mnubi wa Kibra na Msomali wa Eastleigh walizoea kuhojiwa na kamati kabla ya kupewa kitambulisho. Ukitaja Shiraz, ulikuwa umempa afisa sababu. Wasomi walioshikilia Uafrika wa Waswahili walikuwa pia wakiwakinga raia, na hilo silidharau. Ila kinga inayomtaka mtu amkane babu yake kwanza imekwisha kukubali kwamba swali la afisa ni halali. Wajaluo, kwa hesabu za wanahistoria, waliingia Nyanza karne kadhaa baada ya huo mwaka 1000, na sijasikia wakiulizwa habari za Bahr el Ghazal, kule Sudan Kusini walikotoka.

Mzee alikuwa amemsindikiza mjukuu wake kwenye dirisha hilo siku hiyo. Waliulizwa asili yao ni wapi, akajibu Lamu.

"Na kabla ya Lamu?"

Kijana wa chuo, mzaliwa wa Murang'a, alikuwa akipuliza kahawa yake. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema yeye hajawahi kuulizwa kabla ya Murang'a.