Orodha ya Shule Bora Haiwahesabu Walioachwa Njiani

UNEB, baraza la mitihani la Uganda, ikishatoa matokeo ya darasa la saba, magazeti ya Kampala hujaa orodha kwa siku kadhaa: shule fulani imepata agrigeti 4 ngapi (agrigeti ni jumla ya madaraja ya masomo manne, na 4 ndiyo bora kabisa), nyingine imeporomoka kutoka nafasi gani. Kisha wakuu wa sekondari hukutana Lugogo kuchagua watakaoingia kidato cha kwanza, na mzazi ambaye mwanawe amepata agrigeti 8 huhangaika kutafuta nafasi katika shule anayoitaka, ingawa 8 ni daraja la kwanza. Tanzania iliacha kutangaza shule na watahiniwa bora Januari 2023, na Kenya ikafanya KCPE, mtihani wake wa kumaliza shule ya msingi, kwa mara ya mwisho mwaka huohuo. Hapa Uganda, anayesema mashindano haya yapunguzwe huambiwa mara moja kwamba anataka kushusha viwango.

Wanaosema hivyo wana hoja, tena nzito. Mtoto wa mkulima wa Kamuli hana mjomba wizarani. Karatasi yake ya mtihani inasahihishwa na mtu asiyemjua wala kujua ukoo wake. Alama zikiondolewa, nafasi zitagawanywa kwa kujuana, na raia wa nchi hii wanafahamu vizuri jinsi mambo ya kujuana yanavyokwenda. Ndiyo maana wazazi wengi wana wasiwasi na mtaala mpya wa sekondari, ulioanza 2020, unaompa mwalimu wa darasani sehemu ya alama za mwisho. Tena mzazi anayelipa karo ana haki ya kujua shule inamfanyia nini mwanawe.

Hata hivyo, hoja hiyo yote inamhusu mtoto aliyefika kwenye chumba cha mtihani.

UPE, mpango wa elimu ya msingi bila karo, ilipoanza mwaka 1997, watoto zaidi ya milioni 2 waliandikishwa darasa la kwanza. Mwaka 2003, waliokuwa darasa la saba hawakufika 500,000. Nakubali kwamba tofauti hiyo inatisha kuliko hali halisi. Darasa la kwanza la mwaka ule lilijaa watoto wakubwa waliovutwa na kufutwa kwa karo, na wengine walirudia madarasa, hivyo walichelewa tu. Punguza kwa sababu hizo, kisha punguza tena, bado unabaki na mamia ya maelfu ya watoto. Hao hawakufeli. Hata agrigeti 36, ya mwisho kabisa, hawakuipata, kwa kuwa hawakuketi. Hawamo katika asilimia yoyote inayosomwa siku ya matokeo, maana asilimia huanzia kwa aliyesajiliwa kufanya mtihani. Leo ni watu wa miaka thelathini na zaidi, na wengi wao ni wazazi wa watoto walio katika shule hizohizo sasa.

Naing'ang'ania hesabu hii kwa sababu inaonyesha mashindano yanavyofanya kazi ndani ya shule. Mwalimu mkuu anayetaka kupanda kwenye orodha anaweza kufundisha vizuri zaidi, au anaweza kubaki na watoto dhaifu wachache zaidi. Hilo la pili halina gharama. Mtoto wa darasa la sita hurudishwa nyuma, au mzazi huitwa ofisini akashauriwa kutafuta shule nyingine, au mtoto husajiliwa katika kituo kingine cha mtihani. Wastani wa shule hupanda bila mtoto hata mmoja kujifunza kitu kipya, na gazeti huandika kwamba shule imeimarika.

Kuna pia suala la nani analipia. Sekondari kongwe kama Gayaza na King's College Budo zinasaidiwa na serikali, na wakati huohuo karo zake ziko mbali na uwezo wa mwananchi wa kawaida. Wanaotoka shule za namna hiyo ndio pia wanaochukua sehemu kubwa ya ufadhili wa serikali katika Chuo Kikuu cha Makerere. Mama muuza nyanya wa Soroti anachangia kupitia kodi iliyomo katika sabuni anayonunua. Mwanawe yuko shule ya UPE, ambako kwa miaka mingi ruzuku ilikuwa kama shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka mzima. Chakula cha mchana, kwa sheria ya elimu ya 2008, ni jukumu la mzazi, kwa hiyo asiye na kitu anashinda njaa hadi jioni. Hata Kiswahili, somo la lazima katika vidato viwili vya kwanza vya sekondari, kinafundishwa pale tu mwalimu wa Kiswahili alipopatikana.

Watetezi wa usawa hupenda kuitaja Ufini. Katika miaka ya 1970 iliwaweka watoto wa matabaka yote katika shule moja ya miaka tisa, na mwaka 2000 ikaongoza katika usomaji kwenye PISA, vipimo vya kimataifa vya wanafunzi wa miaka 15. Alama zake zimeshuka tangu 2006, na haijawahi kuwa na madarasa yenye msongamano kama ya Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, kwa hiyo tusiinakili. Lakini dai kwamba usawa lazima ushushe viwango, Ufini ililikanusha.

Na mfano wa nyumbani upo. Mwaka 1990 Makerere ilianza kuwaongezea wasichana pointi 1.5 katika alama za kujiunga, na idadi yao ikapanda. Baadaye zikaja nafasi za ufadhili kwa wilaya. Kumbe usawa tulishaukubali, ila tumeuweka kwenye mlango wa chuo kikuu, wakati wengi walikwishatoka shule ya msingi.

Mtihani na ubaki. Fedha ziende kwanza kwenye uji wa mchana na nyumba za walimu wa vijijini. Na kwa kuwa orodha zitaendelea kuchapishwa, wizara ina idadi ya wanafunzi wa kila darasa, na UNEB ina idadi ya watahiniwa. Ziwekwe pamoja, shule kwa shule: waliokuwa darasa la nne miaka mitatu iliyopita, na waliofanya mtihani mwaka huu. Uhamisho utavuruga hesabu kiasi, lakini shule iliyoanza na watoto 120 ikasajili 70 itabidi iwaeleze wazazi wale 50 wako wapi.