Wahadhiri Huchujwa Kabla ya Usaili

Chuo kikuu kikibanwa kwa nini wahadhiri wake wote wanafanana, hukimbilia jopo la usaili. Mwanamke mmoja anaongezwa kwenye jopo, semina ya nusu siku kuhusu upendeleo inafanyika, picha zinapigwa. Kwangu hiyo ni danganya toto. Jopo hukutana na waombaji wanne au watano tu, na kufikia hapo mbivu na mbichi zimeshatenganishwa.

Tazama tangazo lenyewe. Anatakiwa mhadhiri wa historia aliyebobea katika kipindi fulani, eneo fulani, kwa mbinu fulani. Ukilisoma taratibu unamwona kabisa aliyekusudiwa. Ni shati lililoshonwa kwa vipimo vyake. Linakaa wazi wiki mbili, na wanaolisikia mapema ni wanafunzi wa marafiki wa idara. Kisha idara inasikitika: "Tungewachukua, lakini hawakuomba."

Halafu unakuja mchujo. Faili zimerundikana, wajumbe wamechoka, mmoja anasema, "Huyu msimamizi wake namfahamu," na faili inahamia upande wa wanaofaa. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba, kati ya wahadhiri wa Marekani waliosomea uzamivu nchini humo, asilimia 80 walitoka katika takriban asilimia 20 tu ya vyuo. Siamini kama vipaji navyo vimegawanyika hivyo.

Jina nalo lina kazi yake. Mwaka 2012 watafiti waliwapa maprofesa 127 wa sayansi wasifu mmoja wa mwombaji wa kazi ya kusimamia maabara, wengine ukiwa na jina John, wengine Jennifer. John alipangiwa mshahara wa dola 30,238 kwa mwaka, Jennifer, 26,508. Maprofesa wanawake nao walifanya vivyo hivyo.

Wanaokataa kwamba wanawake hubaguliwa katika ajira hizi hujibu kwa utafiti wa Wendy Williams na Stephen Ceci wa mwaka 2015, ambamo maprofesa walimchagua mwanamke kuliko mwanamume mwenye sifa sawa kwa uwiano wa mbili kwa moja. Wana haki ya kuutaja. Ila waombaji wa kubuni wa utafiti huo walikuwa wameshaingia orodha fupi, ubora wao umeshathibitishwa. Mlangoni hapo si pagumu sana. Ugumu uko kwenye njia ya kufika.

Ndiyo maana nafasi za kutengwa hazinivutii sana. Chuo cha Eindhoven, Uholanzi, kilianza mwaka 2019 kufungulia wanawake peke yao nafasi za kitaaluma kwa miezi 6 ya kwanza. Mwaka uliofuata taasisi ya haki za binadamu ya nchi hiyo ikasema kimepitiliza. Ningeanza na mambo yasiyo na kelele: tangazo pana, vigezo na alama zake viandikwe kabla ya faili ya kwanza kufunguliwa, barua za mapendekezo zisomwe mwisho.

Na akishaajiriwa, aachwe afanye kazi. Mwanamke pekee idarani huitwa kwenye kila kamati inayotaka kuonekana ina mwanamke, anashauri kila mwanafunzi anayejiona mpweke, kisha siku ya kupandishwa cheo anaulizwa machapisho yako wapi.