Mlo Usioingia Kwenye Hesabu

Muulize mtu mzima wa mjini jana alikula nini, atakutajia mlo wa usiku. Ukimbana kidogo ataongeza chai ya asubuhi. Basi. Utadhani alikuwa amefunga.

Nami nilikuwa hivyohivyo, mpaka nilipochukua daftari nikaandika kila kilichopita mdomoni kwa siku moja ya kazi. Chai na mkate, nimesimama, huku natafuta funguo. Saa nne, biskuti mbili za mwenzangu wa meza ya pili. Mchana kikao kilirefuka, nikanywa soda badala ya chakula. Saa kumi, karanga ngumi moja. Baadaye kidogo, ngumi nyingine. Njiani kurudi nyumbani, kipande cha keki kilichobaki ofisini. Saa tatu na nusu usiku, sahani iliyofurika, macho kwenye simu. Mistari saba. Kabla ya daftari ningeapa ni miwili.

Wataalamu wa lishe wanalijua hili vizuri, kwa sababu mara nyingi huwauliza watu walichokula katika saa 24 zilizopita, na watu husahau. Mwaka 1992 watafiti wa Marekani waliwapima watu wanene waliolalamika kwamba wanakula kidogo na bado hawapungui. Ikaonekana wanataja pungufu ya walichokula, kwa wastani wa asilimia 47. Sidhani walidanganya. Kinacholiwa bila kukaa chini hakibaki kichwani.

Ile soda yangu, kwa mfano, niliihesabu kama kinywaji tu. Chupa ya mililita 330 huwa na takriban gramu 35 za sukari, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi kama gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana aishie 25. Nilikuwa nimeshaivuka hiyo 25 kabla sijagusa keki.

Halafu kuna hivi vya pakiti. Mwaka 2019, mtafiti wa Marekani Kevin Hall na wenzake waliwaweka watu 20 kwenye kituo cha utafiti: wiki mbili vyakula vilivyosindikwa sana, wiki mbili vya kawaida, kila mtu ale atakavyo. Kwenye vile vilivyosindikwa walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku, na walikula haraka zaidi. Hapo ndipo mji unapotunasa, kwa maoni yangu, maana haraka ndiyo hali yetu ya kawaida.

Ndiyo maana ule ushauri wa “pika nyumbani” huniudhi kidogo. Ni ushauri wa mtu mwenye jioni. Anayefika nyumbani giza limeshaingia, miguu inawaka moto, hana upungufu wa elimu ya mboga. Mwajiri anayeupa mchana dakika 15 ana mchango wake kwenye ile sahani ya usiku, ingawa hakuna anayemwita kwenye semina za lishe.

Mimi nimebadilisha kitu kimoja tu: mchana nakaa, nakula, simu iko begani kwenye mkoba. Sahani ya usiku imepungua yenyewe, sikuipigia kelele. Karanga bado nakula. Ila sasa nazimimina kwenye kisahani, na mwenzangu wa biskuti ananicheka kila saa kumi.