Nani ashike jalada la mtoto: jirani au mwajiriwa?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaibebesha halmashauri, katika kifungu cha 94, wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto aliye ndani ya eneo lake. Kifungu kinachofuata kinamgeukia mwananchi wa kawaida: ukijua kwamba haki ya mtoto inavunjwa, au kwamba mzazi ana uwezo wa kumlisha, kumtibu na kumsomesha lakini hataki, toa taarifa halmashauri. Kwenye karatasi mambo yamekamilika. Jirani anaona, halmashauri inatenda. (Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2011, hapa nazungumzia Tanzania Bara.)

Tatizo ni umbali kati ya hao wawili. Bara ina vijiji zaidi ya 12,000 na kata zaidi ya 3,900, na kata nyingi hazina afisa ustawi wa jamii wake. Afisa yuko makao makuu ya wilaya. Kule chini kazi yake inaangukia kwa mtendaji wa kata au afisa maendeleo ya jamii, ambaye tayari ana vikundi vya kusajili na mikopo inayotolewa kutoka asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ya kufuatilia. Ndiyo maana tangu miaka ya 2000 pengo hili limezibwa na wahudumu wa jamii wa kujitolea: watu wa mtaa huohuo, waliopewa mafunzo ya siku chache, daftari, fomu na posho ndogo. Swali linalogawanya watu wa fani hii ni kama kuwaachia hao jalada, yaani faili la shauri la mtoto, ndiyo njia sahihi, au ni namna ya serikali kukwepa kuajiri.

Wanaowatetea wahudumu wa kujitolea wana hoja nzito, na si ya gharama tu. Shida ya familia haijitangazi. Mwanamke wa mtaa huohuo anajua nyumba ambayo moshi hauonekani jioni. Anajua mtoto aliyehamia kwa shangazi baada ya msiba na sasa ndiye anayeteka maji wakati wenzake wako darasani. Afisa anayetoka wilayani kwa gari la halmashauri akifika, nyumba imefagiwa, watoto wameogeshwa na majibu yameandaliwa. Mhudumu hupita saa kumi na mbili asubuhi akienda shambani, hupita tena jioni, na hakuna anayejiandaa kwa ajili yake.

Yapo pia mambo ambayo hayahitaji shahada. Utepe wa kupima mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59 una rangi: chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, mtoto aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Kati ya 11.5 na 12.5 ni utapiamlo wa kadiri, aandikwe na afuatiliwe. Kadi ya kliniki inaonyesha chanjo iliyorukwa. Daftari la shule linaonyesha wiki ambazo hakuna kilichoandikwa. Mtu yeyote makini aliyefundishwa vizuri anaweza kuyaona haya, na anayeyaona mapema huokoa mengi.

Lakini angalia kinachotokea shauri linapokuwa zito. Mtoto amebakwa, na anayetuhumiwa ni baba wa kambo au mjomba anayelisha nyumba. Saa zinahesabika. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72, kisha zimezwe kwa siku 28. Nguo alizokuwa amevaa zisifuliwe. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu nailoni hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Matibabu ya dharura hayapaswi kusubiri fomu ya polisi, PF3, ingawa familia nyingi bado huzungushwa kati ya kituo cha polisi na hospitali mpaka siku ya pili inaisha. Vituo vya Mkono kwa Mkono, vinavyoweka daktari, polisi na ustawi wa jamii chini ya paa moja, vilibuniwa kuondoa mzunguko huo, lakini viko katika baadhi tu ya hospitali, na nauli ya kufika huko familia haina.

Sasa mhudumu wa kujitolea ndiye anayetakiwa kuanzisha haya yote dhidi ya mtu anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwake. Watoto wake wanachota maji kisima kimoja na watoto wa mtuhumiwa. Akiitwa mahakamani kutoa ushahidi, nauli ni ya kwake mwenyewe, na kesi inaweza kuahirishwa mara kadhaa. Wazee wa ukoo watakuja kuomba jambo limalizwe nyumbani, kwa ng'ombe au kwa fedha. Tukimlaumu kwa kunyamaza, tunamlaumu mtu tuliyemwacha peke yake.

Na siri je? Daftari la mhudumu linalala nyumbani kwake, kwenye kabati wanalofungua watu wote. Jina la mtoto anayetumia dawa za VVU, la binti aliyetoa mimba, la mama anayepigwa, yote yamo humo. Afisa mwajiriwa ana kabati lenye kufuli, ana maadili ya taaluma yanayoweza kumgharimu kazi, na hana shemeji katika mtaa huo. Kwa mtoto aliyeumizwa na watu wa kwao, ugeni wa afisa ni ulinzi.

Wapo watakaosema: basi tuajiri afisa wa ustawi kila kata na suala limekwisha. Naunga mkono ajira, ila zisipopangwa vizuri hazitatosha. Afisa aliyeajiriwa huhamishwa. Shauri la mtoto huchukua miaka. Afisa huitwa kwenye kila kampeni na kila ziara ya kiongozi. Kisera yuko chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, lakini ajira na mafuta ya pikipiki yake viko halmashauri, chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Wizara ikitaka taarifa ya robo mwaka, mkurugenzi akitaka mapato, unajua kipi kitaanza. Kata yenye vijiji vitano vilivyotawanyika haiwezi kutembelewa na mtu mmoja asiye na usafiri, hata awe na shahada ngapi.

Fedha za wahudumu zimekuwa na kasoro nyingine ambayo haisemwi vya kutosha. Sehemu kubwa ya mafunzo, posho na simu zao ilitoka Marekani kupitia mfuko wa dharura wa UKIMWI, katika miradi kama Kizazi Kipya iliyoanza 2016. Kwa kuwa fedha zilikuwa za VVU, kigezo cha kuingizwa kwenye orodha kiliegemea VVU. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayefungiwa chumbani mama yake akienda kibaruani angeweza kuachwa nje, na nyumba ya pili, yenye hali nafuu kidogo lakini yenye mzazi anayeishi na virusi, ikahudumiwa. Kisha, Januari 2025, Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na Julai mwaka huohuo shirika la USAID likafungwa. Mfumo uliosimama juu ya posho ya mfadhili mmoja ulionyesha hapo udhaifu ambao watumishi wengi wa halmashauri waliujua siku zote. Majalada ya watoto hayana mahali pa kwenda mradi unapofungwa kama hayakuwahi kuwa ya halmashauri.

Njia ya tatu inayopendekezwa ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwafundisha 137,294 kwa miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa, wakiwa na posho ya kila mwezi. Kwa nini wasipewe na ustawi wa mtoto, ikiwa mlango ni uleule? Hoja hii inavutia, nami naikubali nusu. Mhudumu wa afya awe mtu wa kuona na kutoa taarifa. Asipewe kubeba shauri. Tayari ana chanjo, malaria, kifua kikuu, lishe, usafi wa vyoo na wajawazito. Kumpima mtoto mkono ni dakika tano. Kukaa na bibi mwenye wajukuu wanne ambao ndugu wa marehemu wamewanyang'anya shamba ni jioni nzima, na wiki ijayo ni jioni nyingine. Kazi ya pili ikiwekwa juu ya ya kwanza, ya pili ndiyo itakayoachwa.

Hapo ndipo penye kiini. Hatuna uhaba mkubwa wa watu wa kugundua. Mwalimu wa darasa ana orodha ya utoro. Zahanati ina orodha ya watoto waliokosa kliniki. TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, kupitia mpango wa kunusuru kaya maskini ulioanza 2012 na kuingia kipindi cha pili mwaka 2020, ililenga kufikia kaya milioni 1.4 na inatumia daftari la walengwa linalojua hata umri wa watoto wao. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto, zilizoundwa chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, kuanzia mwaka 2017, zinatakiwa kuwepo kila kijiji na mtaa. Namba 116, ya simu ya msaada kwa mtoto, inapigwa bure. Majina yapo. Anayekosekana ni mtu mwenye wajibu wa kurudi mara ya pili, ya tatu na ya nne, na ambaye jina lake limeandikwa kwenye jalada.

Chukua masharti ya TASAF. Ruzuku imefungwa na mahudhurio: mtoto wa shule afikishe asilimia 80 ya siku, na mtoto mdogo apelekwe kliniki. Kaya isiyotimiza inaweza kukatwa. Wanaoyatetea masharti wanasema yamerudisha watoto darasani na kuwapa wazazi sababu ya kuhimiza, na siwezi kuwapinga kabisa. Lakini mtoto asiyefikisha asilimia 80 mara nyingi ana sababu inayohitaji mgeni mlangoni: mama amelazwa, binti ana mimba, kijana amepelekwa kuchunga. Makato yanafika kabla ya mtu kuuliza, na yanaishukia nyumba ambayo tayari inazama. Orodha ileile ya kukata ingepelekwa kwanza kwa afisa wa kata kama orodha ya kutembelea, na hakuna shilingi ikatwe kabla ya ziara kuandikwa, masharti yangebaki na maana yake ingebadilika.

Upande wa pili wa hoja hiyo ni kwamba fedha zikiambatana na watu zinafanya kazi. Jaribio la Ujana Salama katika mikoa ya Iringa na Mbeya liliongeza juu ya ruzuku ya TASAF mafunzo ya ujuzi wa kujikimu na afya ya uzazi, mlezi wa kumfuatilia kijana, na mtaji mdogo. Watafiti waliolifuatilia waliona, pamoja na mengine, kwamba wasichana walipatwa na ukatili wa kingono kwa kiwango kidogo zaidi kuliko wa maeneo ya kulinganishwa. Ruzuku peke yake hununua unga na sare. Haimwondoi msichana kwa mwanaume anayemtishia.

Kwa shauri la ukatili kuna jambo moja la kiutendaji ambalo lingepunguza "kuyamaliza nyumbani" kuliko semina kumi. Mtuhumiwa akiwa ndiye anayelisha nyumba, chakula kifike nyumbani wiki hiyohiyo anayokamatwa. Mama hafichi uhalifu kwa sababu hampendi mwanawe. Ana watoto wengine watatu na kodi ya chumba. Dawati la Jinsia na Watoto polisi hufungua kesi. Hakuna anayefungua gunia. Na kama nyumbani hapafai kwa mtoto, ziko familia za kuaminika, zilizochunguzwa na kufundishwa na ustawi kumpokea mtoto kwa muda. Ni bora kuliko makao kwa mtoto mdogo, lakini familia hizo hazipokei fedha ya maana kutoka bajeti nyingi za halmashauri, na huchoka.

Hata sheria zenyewe humtatiza mhudumu. Binti wa miaka 15 anayetaka kuozwa: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu kwa ridhaa ya mzazi, ijapokuwa Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ilithibitisha kwamba vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanamfunga miaka 30 anayemwoa mwanafunzi. Kwa hiyo swali la kwanza anapofika pale linakuwa kama jina la binti limo kwenye rejista ya shule. Aliyeacha shule mwaka jana kwa kukosa daftari ana ulinzi mdogo kuliko mwenzake. Mhudumu mwenye mafunzo ya siku tano hawezi kuachiwa mzigo huo. Amri ya mahakama iombwe na afisa.

Mgawanyo ninaouona unafaa ni huu. Jirani abaki kuwa jicho na mgeni wa kila wiki, awe na familia zisizozidi kumi na tano, alipwe posho kutoka mapato ya halmashauri, na asishike jalada lenye maelezo ya siri. Fomu yake iwe na namba, jina libaki kwa afisa. Jalada lishikwe na mwajiriwa wa kata, liwe na tarehe ya ziara ijayo iliyoandikwa kabla ya ziara ya leo kufungwa. Shauri lolote la ukatili litoke mikononi mwa jirani siku hiyohiyo, na jina lake lisionekane kama mtoa taarifa. Afisa akihamishwa, majalada yakabidhiwe kwa saini, moja baada ya jingine, kama zinavyokabidhiwa mali za ofisi.

Gharama ipo. Diwani anayetaka kujua halmashauri yake iko wapi aombe vitu vitatu kwenye kikao cha bajeti: kifungu cha posho za wahudumu kisichotoka kwa mfadhili, lita za mafuta zilizotengwa kwa ustawi wa jamii kwa mwezi, na idadi ya mashauri ya watoto yaliyofunguliwa mwaka uliopita ambayo hayana ziara ya pili.