Nataka Pikipiki Kuukuu, Sitaki Kikao cha Ukoo

Jamani, mtu mzima akitoka nyumbani na shati lililopigwa pasi, kalamu mfukoni, daftari la chama kwapani, halafu akapanda Boxer, huyo si karani tena. Huyo ni boda. Niliazima ya shemeji wakati wa mnada, na kila nikikata kona pale Mikindani, jirani na Mtwara mjini, kuna mkono umenyooshwa. Mama mmoja wa ndoo ya dagaa alishapanda nyuma kabla sijasimama vizuri, akaniambia twende sokoni Chikongola, nina buku, usianze maneno. Nikamweleza kwa adabu kwamba mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho. Akasema sawa, karani, twende.

Nilimpeleka. Ningefanyaje, ndoo ilikuwa imeshanimwagikia.

Ndiyo nikaamua nitafute pikipiki ya kizamani. Ndogo, kongwe, tenki la mviringo, kromu kidogo ya kutia moyo, kitu ambacho hakuna abiria mwenye akili zake atakayekipungia mkono. Na faida nyingine, haiibiwi. Mwizi akiisukuma Honda ya mwaka 1980 mpaka kona ya pili, atairudisha mwenyewe na kukuuliza inawashwaje.

Mke wangu anasema haya yote ya nini, panda Hiace kama watu. Hiace! Ile inayokaa stendi mpaka konda aridhike, na konda haridhiki mpaka magoti yako yawe ya jirani yako. Mimi nakaa Mikindani, chama chetu kiko huko juu barabara ya Lindi, upande wa Mpapura. Ni safari ya kila siku, kuanzia mgao wa salfa, dawa ya mikorosho, mpaka gunia la mwisho la korosho lipigwe mnada. Na barabara hiyo si ya mtaani. Ni barabara kuu, yenye mabasi ya Dar na malori ya matela. Ukianza kuupanda ule mlima wa kutoka Mikindani unalisikia lori linakohoa nyuma yako, na hapo suala si uzuri wa tenki tena. Suala ni kama hicho ulichokalia kina pumzi.

Hili ndilo nimeshindwa kuwaelewesha washauri wangu. Ukimuuliza mzee wa hapa pikipiki gani nzuri, hakutajii pikipiki. Anakutajia mwaka aliokuwa bado ana nywele.

Mjomba wangu ni bwana shamba mstaafu. Kwake yeye Mungu aliumba mbingu na nchi, kisha Honda C90. "Ile haifi, mpwa wangu. Ile unaiwashia kwa mkono." Na kweli kwa historia hana wa kumbishia, maana ukoo huo wa Super Cub ulianza mwaka 1958, na kufikia 2017 Honda walikuwa wameshatengeneza zaidi ya milioni 100. Mashine milioni 100, na zote zikakwepa Mikindani! Hatimaye tukaipata moja kwa mzee wa Magomeni, hii ya Mtwara, imefunikwa turubai na kuku wanatagia juu ya kiti. Nisiwe mchoyo wa sifa, ni mashine tamu. Haina mkono wa klachi, unakanyaga gia kwa unyayo na kisigino. Ina ngao mbele ya miguu, masika ikifika matope yanaishia kwenye ngao na suruali inafika kazini safi.

Basi nikaiomba niijaribu mlimani. Ina gia tatu tu. Gia ya tatu ikaomba radhi mapema, nikashusha ya pili, ya pili ikaanza kulia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia hata msibani. Katikati ya hizo mbili hakuna kitu, ni uwazi mtupu, na mimi nilikuwa nataka kuishi humo humo kwenye uwazi. Nyuma yangu tela likapiga honi. Wala haikuwa honi ya hasira, ilikuwa honi ya huruma, na hiyo ndiyo inayouma. Mtoto wa shule aliyekuwa anasukuma baiskeli kando ya barabara akaniamkia, nikaitikia marahaba, akaniuliza hali ya nyumbani, nikamjibu. Tulizungumza.

Tambarare inakwenda, sikatai. Ikiwa mpya na dereva mwembamba inagusa 80 na kidogo. Lakini mpya ilikuwa zamani, na mwembamba sikuwahi kuwa. Halafu kuna kusi. Watu wa bara hawaujui huu upepo. Kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi unavuma kutoka baharini, asubuhi nikienda kazini unanisukuma mgongoni najiona dereva kweli kweli, jioni nikirudi tunatazamana uso kwa uso. Shati linajaa upepo, na injini ya sentimita za ujazo 90 inalihesabu shati nalo kuwa ni abiria. Faida moja tu niliiona, tochi ya trafiki. Kibao kimeandikwa 50, wenzangu wote wanafunga breki kwa hofu, mimi napita nimekamua mafuta mpaka mwisho na trafiki ananitazama kwa masikitiko.

Mjomba alinuna. Nikahamia kwa shemeji, ambaye yeye ni mtu wa Yamaha DT125, zile ndefu, zile za kuchoma petroli pamoja na oili. Hizo nguvu zipo, jamani. Ukiifungua inaruka. Unafika kazini mapema, ila unafika unanuka moshi, na wakulima wanakuuliza kama ghala limeungua. Hilo ningelivumilia. Kilichoniondoa ni somo alilonipa fundi wangu wa Mtwara, mtu asiyependa maneno mengi. Alisema injini ya aina hiyo inapata oili yake pamoja na mafuta inayovuta. Sasa wewe unateremka mlima mrefu, umeachia mafuta, gurudumu linaisukuma injini izunguke kwa kasi huku inavuta kidogo. Oili nayo inaingia kidogo. Pistoni inapata joto, inang'ang'ania kwenye bloku, gurudumu la nyuma linafunga hapo hapo na wewe uko kasi.

"Nifanyeje ikitokea?" nikauliza.

"Kamata klachi haraka."

"Na nikichelewa?"

Akaendelea kusugua plagi kwa msasa.

Na hapo bado nilikuwa sijakutana na tatizo la pikipiki kongwe kuliko yote, ambalo haliko kwenye injini wala kwenye breki. Ni kadi ya usajili. Pikipiki ya zamani ni rahisi kuipata, mwenye kadi ndiye haonekani, kwa sababu kalala makaburini. Nilipata Suzuki A100 safi kabisa, haijaguswa rangi, kijana anaiuza bei ya kueleweka. Namuuliza kadi iko wapi, anatoa bahasha. Kadi ipo, nzuri, ya babu yake marehemu. Nikasema basi nani msimamizi wa mirathi, nikabadilishe jina kihalali. Yule kijana akanitazama, akatazama chini, akasema labda niongee na baba mkubwa.

Baba mkubwa akasema hili si la mtu mmoja. Kikaitishwa kikao. Nimekwenda kununua pikipiki, najikuta nimekalishwa mkekani chini ya mwembe na ukoo mzima, shikamoo kulia, shikamoo kushoto, chai ya mkandaa imemiminwa. Mzee mmoja akafungua kwa dua. Baba mkubwa akaeleza kwamba marehemu alikipenda sana chombo hiki na haingekuwa heshima kukiuza, na bila kupumua akauliza nina shilingi ngapi. Shangazi akadakia kwamba tairi la nyuma alilinunua yeye kwa fedha yake ya ufuta, kwa hiyo likiuzwa liuzwe kwa hesabu yake. Mwingine akasema kiti ni cha kwake, aliazimisha tu. Mimi kazi yangu ni mizani, nimezoea kugawa mzigo wa watu kilo kwa kilo bila ugomvi, lakini Suzuki iliyogawanywa vipande kwenye mkeka sikuwahi kuipima. Wakakubaliana waende kwanza mahakama ya mwanzo wakateue msimamizi, kisha wanijulishe. Shangazi akasema msimamizi asiwe baba mkubwa. Kikao kikahamia hapo, na nilipoaga hakuna aliyeitikia. Mpaka leo pikipiki ipo pale pale, shangazi kaja na spana kafungua tairi lake.

Tangu hapo, kabla sijaangalia hata rangi, naomba kadi, naomba kitambulisho cha mwenye kadi, na namwomba mwenye kadi mwenyewe ajitokeze akiwa hai. Kisha nalinganisha namba ya chesesi na ya injini. Wauzaji wananiona nina nongwa. Wana hadithi yao moja huku kusini, kila chuma kuukuu kilikuwa cha padre. "Hii ilikuwa ya padre, alikuwa anaiendesha Jumapili tu." Kwa hesabu yangu mapadre wa kusini kila mmoja alikuwa na pikipiki tisa na Jumapili ilikuwa ndefu sana.

Basi nikarudi kwa fundi, nimechoka. Nikamwambia chagua wewe. Akafuta mikono kwenye kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono, akasema: CG.

Honda CG125. Ilitoka katikati ya miaka ya 1970, na inasemekana ilisanifiwa mahsusi kwa watu wa aina yetu, wanaobeba kupita kiasi na kubadilisha oili mpaka waote ndoto. Ndani haina cheni ya taimingi ya kulegea na kugongagonga. Kuna fimbo mbili tu zinazopanda kusukuma valvu, na utaratibu huo unavumilia dhiki. Cheni ya nyuma nayo imefungiwa kwenye boksi lake, mchanga wa kwetu unabaki nje. Nguvu zake ni kama farasi 11, na ile C90 ya mjomba ina 7 na ushei. Hao farasi watatu wa ziada unaweza kuwadharau ukiwa umekaa kwenye kiti cha sebuleni. Mlimani, tela likiwa nyuma, unawajua kwa majina.

"Na spea?" nikauliza. Hapo ndipo akacheka, mtu asiyecheka. Akainuka akaenda kwenye SanLG mbovu, bodaboda ya Kichina, iliyokuwa imelazwa pembeni, akaigonga bloku kwa bisibisi. "Spea ndiyo hizi." Kumbe injini nyingi za Kichina za 125 na 150 zilinakiliwa humo humo kwenye CG. Pistoni, ringi, klachi, kabureta, vingi vinaingiliana, na duka la spea lipo kila kona kuanzia Mtwara mpaka Masasi. Kwa hiyo mimi niliyekimbia bodaboda kwa kulinda heshima ya ofisi, naambiwa suluhisho langu ni babu yao mzaa baba.

Nilikaa kimya kidogo. Fundi akadhani nafikiria bei.

Haya, CG ipo moja. Kijana mmoja wa Ligula ananitumia picha zake kwenye simu, zote zimepigwa jioni, zote za upande wa kulia. Namuuliza upande wa kushoto, anasema mwanga haukuwa mzuri. Namuuliza taa ni volti ngapi, maana zile za mwanzo zilikuwa za volti 6, ukipunguza mafuta taa inakuwa kama kibatari, na mimi natoka ghalani magharibi imeshaingia na njia nzima ina mbuzi. Anasema kaka, taa inawaka. Sijauliza inawaka, nimeuliza volti ngapi! Anasema njoo uone.

Nitakwenda Jumamosi. Nimemwambia asiiwashe kabla sijafika, na nikifika jambo la kwanza ni kuweka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, nageuza. Chuma kuukuu kikishapashwa kinawaka kwa kiki moja mbele ya mteja, kazi ni asubuhi ya baridi. Nitamulika ndani ya tenki kwa simu nione kutu. Breki ya mbele ni ya ngoma, haina sahani, kwa hiyo nitaijaribu kwenye mteremko kabla sijatoa hata senti, maana huko juu malori hayapunguzi mwendo kwa ajili ya historia.

Fundi anakuja, namlipa posho. Mjomba naye anakuja, hataki CG ila anataka kuwepo ili aseme alisema. Na shemeji, ambaye hana mafuta hata ya kuwashia Boxer yake, kapiga simu jana usiku kuthibitisha muda. Anajua Ligula hatupiti bila kushuka feri kwa wakaanga pweza, anajua nani atalipa, na ameshauliza kama anaweza kuja na rafiki yake mmoja anayejua sana mambo ya Honda.