Biolojia si makombo ya udaktari

Hapa Hamburg kijana akisema anasoma biolojia, huulizwa: ya nini? Samaki, vijidudu, mimea? Mombasa huulizwa, "Kwani udaktari ulikosa?" Swali hilo laniudhi mno. Mtoto wa watu anamaliza miaka minne akijiona ameshindwa kabla hajaomba kazi hata moja.

Najua nitajibiwa: "Keshafika Ulaya, sasa atufunze." La hasha. Wajerumani hawatushindi akili, na huku pia digrii ya kwanza ya biolojia haitoshi. Wengi huendelea na uzamili. Ninalolionea wivu ni mikono. Mwanafunzi wa huku hushikishwa pipeti, kile kifaa cha kufyonzea na kupimia maji ya maabara, mapema, na ripoti yake ya maabara ikiwa mbovu hurudishiwa aiandike upya. Kwetu, wengi mara ya mwisho kushika kitu kwa makini ilikuwa Karatasi ya Tatu ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, alama 40, saa moja na dakika 45. Atachmenti, yaani mafunzo ya kazini, ikifika, ni fotokopi na chai.

"Vifaa hatuna." Haya, TUM, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, si iko Tudor, na mikoko si iko pale pale kwenye mkono wa bahari? Maji yakipwa, chukua kamba ya mita 40, ifunge fundo kila mita 10, uunganishe ncha zake: umepata mraba wa mita 10 kwa 10. Kwa futi ya fundi cherehani pima mzingo wa kila shina, mita 1.3 kutoka ardhini, ugawanye kwa 3.14 upate kipenyo. Mkoko wenyewe, Rhizophora mucronata, hauendi hivyo: una mizizi ya kuning'inia, na kwa mita 1.3 waweza kujikuta unapima mizizi badala ya shina. Panda sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa, ndipo upime. Wengi huharibu hapo, na kosa la kipenyo huingia moja kwa moja kwenye hesabu ya uzito wa mti, kisha ya kaboni. Vipimo hivyo vichambue kwa R, programu ya bure ya takwimu. Mikoko Pamoja kule Gazi, mradi ulioanza 2013, unauza kaboni, yaani hulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na miti, kwa hesabu za aina hii hii.

Tena tunajidharau bure. Machimbo ya Bamburi yalikuwa mwamba mtupu. Kuanzia 1971 René Haller, mtaalamu aliyeyafufua machimbo hayo, alipanda mivinje, akaleta majongoo ili wayale majani yaliyoanguka, udongo ukazaliwa. Hiyo ni biolojia, na imefanyika nyumbani.

Lakini wazazi nao waambiwe ukweli. Digrii ya biolojia tupu haimwingizi mtu maabara ya hospitali. Bodi ya wataalamu wa maabara hutaka aliyesomea maabara ya tiba. TSC, tume inayoajiri walimu, hutaka mafunzo ya ualimu na masomo mawili ya kufundisha, kwa hiyo kemia isiachwe njiani. Anayependa bahari aitazame KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, pale Mkomani. Wa mimea na wadudu waharibifu aiangalie KEPHIS, shirika la afya ya mimea, inayokagua shehena bandarini. Wa magonjwa aende KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, kule Kilifi. Kila njia ina ujuzi wake, na ujuzi huo uanze mwaka wa pili, si baada ya mahafali.

"Kazi ni kujuana," mtasema. Najua, jamani, nami nimezaliwa huko huko. Ila kwenye PCR, kipimo cha kunakili DNA mara nyingi ili ionekane, kuna kijichupa kimoja kisichotiwa DNA, hutiwa maji safi tu pamoja na dawa zile zile. Kikitoa mstari kwenye jeli, kuna uchafu ulioingia, pengine kwa ncha ya pipeti iliyotumika mara mbili, na matokeo ya siku nzima hutupwa, awe aliyeyafanya ni mtoto wa nani.