Mswaki wa Mama Mkwe

Fundi wangu ndiye aliyenitia pepo. "Kaka, hii Corolla inapumulia pua moja. Ifungie throto kubwa uone." Throto ni ule mdomo wenye mlango unaoingiza hewa kwenye injini. Nikaenda Gerezani, kwenye maduka ya spea, nikapatana shilingi 120,000, nikarudi na throto iliyotolewa kwenye injini kubwa kuliko yangu. Tukapima kwa rula: mdomo umeongezeka milimita tano. Usiku ule niliota nayapita mabasi ya mkoani kwenye mlima wa Kitonga.

Jumamosi tukafunga. Matundu ya bolti yaligoma, akayapanua kwa tupa. Gasketi akaikata kwa mkasi. Nikawasha. Vuuuum… vu-vu-vu… vuuuum! Mshale wa mizunguko ya injini unapanda hadi 2,000, unaporomoka hadi 600, unapanda tena, na hakuna mguu kwenye pedali. Nimesimama nje na kikombe cha chai, naangalia gari langu linahema kama limefukuzwa na mbwa.

"Sailensa tu hiyo," fundi akasema, yaani injini inapozunguka bila kukanyagwa mafuta. "Itazoea."

Haikuzoea. Nilinunua plagi nne. Pampu ya mafuta ikasingiziwa kuchoka, nikanunua nyingine. Kijana wa mashine ya kupima alichukua 30,000 akaniambia mashine haioni kosa. Fundi akachomoa waya wa betri ili kompyuta ya gari isahau. Kompyuta ikasahau, redio ikasahau stesheni zote, ugonjwa ndio haukusahau kitu. Akapuliza kabureta klina, dawa ya kusafishia kabureta, kuzunguka throto, maana injini ikibadili mlio ujue hapo pananyonya hewa. Mlio haukubadilika. Ila alipuliza mbele tu, kwa kuwa nyuma mkono haufiki vizuri. Hilo la nyuma liweke kiporo.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka Tanga. Amri ya nyumbani ilikuwa fupi: "Mama yangu hapandi bajaji." Nikampokea stendi ya Mbezi, nikamsalimu, nikampakia na kikapu chake, tukaingia foleni ya Kimara. Kila injini ilipopandisha, mama alishika mlango kwa mkono mmoja na tasbihi kwa mwingine.

"Mwanangu, mbona watia moto na hatwendi?"

"Ndiyo throto mpya, mama."

"Inshallah," akajibu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha toa shahada.

Bodaboda mmoja akainama dirishani: "Broo, hilo gari lina kwikwi, lipe maji!" Kabla sijamjibu, likazima. Nikalisukuma pembeni, nikafungua boneti, nikawasha tena. Nikamkuta mama ameshashuka, ameinamia injini, kanga imekazwa kiunoni.

"Mbona kuna mluzi?"

"Hiyo ni feni, mama."

"Feni haipigi mluzi. Huku chini, nyuma."

Sikutaka kubishana na mkwe barabarani. Nikapenyeza mkono nyuma ya throto. Kuna kimrija kikaninasa kidole, kikanyonya kama ndama, na injini ikatulia tuli. Mshale: 750. Nikatoa kidole, kwikwi. Nikarudisha, amani.

Throto ya zamani ilikuwa na vimrija viwili, vyote vimevalishwa mipira. Hii ilikuwa na cha tatu, cha mpira ambao injini yangu haina, nasi tulikiacha wazi. Gari likiwa sailensa, mlango wa throto umekaribia kufungwa na injini inavuta hewa kwa nguvu. Hewa ya wizi ikipita nyuma ya mlango, mizunguko inapanda. Kompyuta inaona mguu hauko kwenye pedali, inakata mafuta. Mizunguko inaanguka, kompyuta inarudisha mafuta. Siku nzima wanagombana hivyo. Zile plagi nne hazikuwa na kosa hata kidogo.

Tatizo likawa siwezi kuendesha hadi Tabata nikiwa na kidole kwenye injini. Nikatafuna bigijii nikaziba. Injini ikaimeza. Mama akanitazama, akavuta pumzi, akafungua pindo la kanga akatoa mswaki wake wa mti, mpya, akaung'ata ncha mara mbili na kutema mate pembeni.

"Jaribu huu."

Uliingia nusu ukakwama. Kimya. Hata yule bodaboda alivua kofia ngumu.

Jumatatu fundi aliuchomoa, akaugeuzageuza na kuniuliza, "Spea ya wapi hii?", kisha akakivalisha kimrija kipira cha shilingi 500. Na mbio za gari ni zilezile, msiniulize habari za Kitonga. Lakini jioni ile tuliingia uani kwa mlio laini mpaka mke wangu akatoka nje kuhakikisha kama gari linawaka.

"Mama, limepona? Lilikuwa na nini?"

Mama alishusha kikapu chake taratibu, akajifunga kanga upya.

"Lilikuwa halijapiga mswaki."